Msizicheke ndege za helisi, kinachotuchelewesha hakiko angani

KIWANJA, Rutshuru. Tangu tarehe 30 Oktoba 2025, siku ambayo Rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza mjini Paris kwamba kiwanja cha ndege cha Goma kitafunguliwa tena kwa ndege za misaada, hapa kwetu kumezuka ubishi ambao sikuutegemea. Sisemi ule wa siasa, wa nani ana haki ya kufungua na nani hakuulizwa. Huo una wenyewe, na AFC/M23 walishajibu kwamba wao hawakushirikishwa. Ninasema ubishi wa vijiweni, wa kwenye vituo vya pikipiki na wa wasikilizaji wanaopiga simu redioni. Wanasema hivi: hata kama kiwanja kitafunguliwa, watatuletea tundege twa helisi, tundege twa zamani, tunaokwenda polepole kama chukudu lililobeba viazi, wakati dunia nzima iko kwenye jeti. Wengine wanaongeza kwamba ni dharau, kwamba tunahesabiwa kama watu wa daraja la tatu.

Ninawaheshimu wasikilizaji wetu, ndio wanaotufanya tuwe redio. Lakini kwa hili ninawapinga, na nitawapinga kwa hesabu.

Kwanza tuelewane maneno. Helisi ni ile panga inayozunguka mbele ya injini, ambayo Kiswahili cha vitabuni huiita rafadha. Jeti ni ile isiyo na panga la kuonekana, inayosukumwa na hewa inayotoka kwa nguvu nyuma ya injini. Na ni kweli tupu kwamba jeti ina mbio zaidi. Boeing 737 au Airbus A320 ikiwa juu inakwenda karibu kilomita 830 kwa saa. Ndege kubwa za helisi za siku hizi, kama Q400, hufika karibu 650. ATR 72 iko kwenye 500 na kidogo. Zile ndogo tunazozijua sana, Let 410 na Cessna Caravan, zinacheza kati ya 300 na 380. Kwa hiyo kwenye karatasi jeti inaizidi Let mara mbili na zaidi. Hakuna anayekataa.

Sasa tuondoke kwenye karatasi twende Beni.

Kutoka Goma hadi uwanja wa Mavivi, Beni, kwa mstari ulionyooka wa angani ni kama kilomita 250. Let ikienda 350 kwa saa inahitaji dakika 43. Jeti ikienda 830 ingehitaji dakika 18, na hapo ndipo mpenzi wa jeti anapopiga makofi. Angoje kwanza. Jeti haipati mwendo wake mara tu inapoacha ardhi. Inabidi ipande hadi mita 10,000 hivi, kule ambako hewa ni nyepesi na injini yake inafanya kazi vizuri, na kupanda huko kunachukua karibu dakika 20. Kushuka nako kuna dakika zake. Kwenye kilomita 250 jeti inaanza kushuka kabla haijamaliza kupanda. Hizo 830 itazigusa tu au isizifikie kabisa. Ukijumlisha yote, labda itakuokolea dakika 10, labda 15. Muda wa kunywa chai na kitumbua.

Na hiyo ni Beni. Kwenda Kavumu, Bukavu, ni kama kilomita 85 tu. Kupeleka jeti huko ni kama kuwasha semi-trela kwenda kununua chumvi dukani.

Kuna mfano ambao unanifurahisha kuliko yote. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Kenya, Jambojet, ilianza safari za Nairobi hadi Goma. Watu wa Goma walishangilia sana, na walikuwa na haki: ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kuona njia rahisi ya kwenda Nairobi bila kupita Kigali au Entebbe. Jina lenyewe la kampuni lina neno jeti ndani yake. Na ndege zake? Q400, ndege za helisi, panga sita kila upande zinazunguka mbele ya macho ya kila abiria. Goma hadi Nairobi ni karibu kilomita 860. Kwa ndege ile ni chini ya saa mbili. Kwa jeti ingekuwa saa moja na dakika 20 au 30. Sijawahi kusikia mfanyabiashara aliyerudi kutoka Nairobi akilalamika kwamba helisi ilimchelewesha nusu saa. Niliwasikia wakilalamikia bei, viza, na kusubiri mizigo. Mbio za ndege, hapana.

Kinshasa ni jambo jingine. Kutoka Goma ni kama kilomita 1,570. Jeti inachukua saa mbili na kidogo, ATR ingechukua zaidi ya tatu, na Let ingekufanya usahau ulikuwa unakwenda kufanya nini. Hapo jeti inalipa, na Congo Airways ilipoanza mwaka 2015 na Airbus A320 kwenye safari ndefu ilifanya jambo la akili. Baadaye kampuni hiyo hiyo ikaongeza Q400 za helisi. Kila chombo na njia yake. Mwenye shoka hapalilii nalo maharage.

Tuseme pia juu ya hili neno "zamani", maana linaniudhi. Watu wanadhani helisi ni ya babu na jeti ni ya mjukuu. Ukifungua injini ya Caravan, ya ATR, ya Q400 au ya Let 410 utakuta turbini inayochoma mafuta ya taa ya ndege, yale yale yanayochomwa na Boeing. Ni ndugu wa damu. Tofauti ni kwamba moja inatumia nguvu ya turbini kuzungusha panga kubwa linalosukuma hewa nyingi taratibu, na nyingine inasukuma hewa kwa kasi kubwa zaidi. Ukiwa chini na mwendo wako ni wa kadiri, njia ya panga inakula mafuta kidogo zaidi. Ukitaka kwenda mbali, juu na haraka, njia ya jeti ndiyo bora. Panga lina kikomo chake kwa sababu ncha zake zinazunguka kwa mbio kuliko ndege yenyewe. Ndege ikikaribia kilomita 700 kwa saa, ncha zinaanza kukaribia mwendo wa sauti, na nguvu nyingi inapotea kwenye makelele. Warusi walilazimisha: Tupolev 95, ndege ya kivita ya miaka ya 1950 yenye panga mbili mbili zinazozunguka kinyume, inapita kilomita 900 kwa saa mpaka leo. Lakini kelele yake ni hadithi nyingine.

Na jeti zenyewe, je, zinaendelea kukimbia zaidi kila mwaka? Hapana. Zilipunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Convair 990 ya Marekani ilikuwa inabeba abiria karibu kilomita 990 kwa saa. Concorde ya Wafaransa na Waingereza ilipita 2,100, ikavuka bahari kwa saa tatu na nusu, na mwaka 2003 ikaegeshwa kwa sababu ilikuwa inakula mafuta na fedha kupita kiasi. Boeing ya leo inakwenda polepole kuliko jeti nyingi za wakati ambapo wazazi wetu walikuwa wanakaa darasani. Wenye fedha zao, wenye viwanda vyao, walichagua kupunguza mbio ili wapate faida. Sisi ambao hata Let haijatua kwetu, tunadai mbio.

Sasa tufike kwenye uchungu wenyewe.

Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na tangu wakati huo hakuna ndege ya abiria iliyotua pale. Anayetaka kwenda Kinshasa kutoka huku kwetu anafanya nini? Anatoka Kiwanja kwa gari au pikipiki, kilomita zaidi ya 70 hadi Goma. Anavuka mpaka. Anachukua basi hadi Kigali, kilomita karibu 155 za kona na milima. Analala, au anashinda uwanjani. Anapanda jeti hadi Nairobi au Addis Ababa, anangoja tena, anapanda jeti nyingine hadi Kinshasa. Au anapita Bunagana aelekee Entebbe, na hadithi ni ile ile. Tuseme mambo yote yamekwenda sawa, karatasi ni nzuri, hakuna aliyemzuia mahali, na ametumia saa 36. Siongezi chumvi, wako waliotumia zaidi.

Chukua kilomita 1,570 za Goma hadi Kinshasa, ugawe kwa 36. Unapata karibu 44 kwa saa. Huo ni mwendo wa pikipiki iliyobeba abiria wawili na gunia la makala! Na mtu huyo amepanda jeti mbili, za kisasa kabisa, zenye viti vya kulala na sinema. Jeti imekimbia 830 kwa saa, na abiria amekwenda 44. Nani alimchelewesha? Siyo injini.

Beni ni vibaya zaidi. Barabara kuu namba 2 inayopita hapa mlangoni petu, Kiwanja, Rwindi, Kanyabayonga, Lubero, Butembo, imekatwa na vita. Mwanafunzi mwenye ndugu Butembo anapita Uganda: Bunagana, Kisoro, Kasese, Mpondwe, kisha Kasindi na kurudi Kongo. Siku mbili, kwa safari ambayo tundege twa helisi tulikuwa tunaimaliza kabla ya saa moja kuisha. Na kumbukeni, uwanja wa Rughenda pale Butembo ni mfupi, haujawahi kuwa na nafasi ya jeti. Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa mpaka Dubai na China, uliishi na helisi na haukuona aibu.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry alirusha ndege kutoka Brussels hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, safari ya kwanza ya namna hiyo. Aliondoka tarehe 12 Februari, akafika tarehe 3 Aprili. Siku 51. Mtu akisikia hivyo anasema, ehe, ndege za helisi za zamani, konokono. Lakini saa ambazo ndege ile ilikuwa hewani ni kama 75 tu. Siku 51 ni saa 1,224. Zote zilizobaki ndege ilikuwa chini: mvua, matengenezo, mafuta, kungoja. Ungemfungia Thieffry injini yenye mbio maradufu, angeokoa siku moja na nusu kati ya hizo 51. Karne moja imepita na sisi bado tunaishi ndani ya zile siku nyingine.

Wapo wanaosema: ndugu mwandishi, tatizo si mbio tu, helisi zinaanguka. Hilo ni zito, silikwepi. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee iliondoka Goma kwenda Beni, ikaangukia nyumba za watu karibu na uwanja. Zaidi ya watu 25 walikufa, na mpaka leo ukipita mtaa ule watu wanakuonyesha. Ilikuwa ya helisi, kweli. Lakini tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya Hewa Bora, jeti halisi, ilishindwa kuruka Goma, ikapita mwisho wa njia yake ikaingia Birere, katikati ya maduka na watu. Waliokufa walikaribia 40, wengi wao wakiwa watu wa mtaani ambao hata tiketi hawakuwa nayo. Na wote tunajua njia ile ilikuwa imefupishwa na nini. Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto wake juu ya uwanja, ikafunika karibu theluthi moja ya ile njia ya kilomita tatu. Jeti iliyojaa inahitaji njia ndefu, na Goma iko juu zaidi ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Miaka mingi jeti ziliendelea kutumia njia iliyokatwa, kwa sababu jeti ni heshima na heshima haikatazwi.

Umoja wa Ulaya ulipoyapiga marufuku makampuni yetu ya ndege mwaka 2006 haukuuliza hii ni ya helisi au ya jeti. Uliuliza nani anakagua. Kinachoua ni ndege isiyokaguliwa, mzigo uliozidi, rubani aliyelazimishwa kuondoka katika mawingu kwa sababu mwenye ndege anataka fedha. Yote hayo yanaweza kupanda jeti bila shida. Na niseme pia, kwa haki, kwamba ndege ndogo ina taabu zake: inaruka chini zaidi, ndani ya hali ya hewa badala ya juu yake, inatikisika, na mvua ya mchana ikishuka kutoka Nyiragongo inabidi ingoje. Mama mmoja akitapika, ndege nzima inajua. Mimi nachagua kutapika na kufika.

Sasa nataka tutazame Walikale, maana pale ndipo ukweli ulipo.

Miaka ya 2000, wakati mgodi wa Bisie ulipokuwa unatoa kasiteriti kwa wingi, barabara ya Goma hadi Walikale ilikuwa haipitiki. Wafanyabiashara hawakusema tungoje serikali ijenge uwanja wa kimataifa. Walichukua kipande cha barabara ya lami pale Kilambo, wakakigeuza kuwa uwanja. Antonov na Let zilikuwa zinatua juu ya barabara ile, magari na watu wakikaa pembeni, zinapakia mawe, zinageuka, zinaondoka kwenda Goma. Siku nzuri ndege zilifuatana moja baada ya nyingine. Hakukuwa na mnara wa maana, hakukuwa na taa, hakukuwa na sherehe ya kukata utepe. Chini ya saa moja mawe yalikuwa Goma.

Sikisifu kile kituo. Ile biashara ililisha bunduki nyingi, na kila mtu wa Walikale anajua gharama yake. Ninauliza kitu kimoja tu: ikiwa mawe yalipata ndege, mbona mgonjwa hapati? Kwa mawe, helisi ilikuwa na mbio za kutosha. Kwa mawe, mita mia chache za lami zilitosha. Ila tukianza kuzungumzia mama mjamzito wa Nyamilima au mtoto mwenye risasi kutoka Bambo, ghafla tunaambiwa tungoje uwanja wa kisasa, njia ya kilomita tatu, jeti, kamati, mazungumzo. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa uwanja wa Goma. Ni vizuri, sikatai, uwanja ule uliihitaji kazi hiyo. Leo njia imelala pale kimya, na dola milioni 52 hazijamfikisha hata mgonjwa mmoja mahali popote tangu Januari.

Hospitali kuu ya Rutshuru, kilomita chache kutoka hapa, inafanya kazi kubwa, na Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia kwa miaka mingi. Wanaopelekwa pale wanatoka mbali. Lakini kuna jeraha ambalo linahitaji daktari asiyekuwepo pale, na kuna dawa inayotakiwa kukaa kwenye baridi njia nzima. Vitu hivyo sasa vinategemea lori, mpaka, karatasi, na hali ya barabara. Ndege ya Caravan ikitoka Entebbe ingefika eneo letu kwa saa moja na nusu hivi. Tena Caravan haiulizi lami. Njia ya udongo uliosawazishwa, mita 800 au 1,000, bila mashimo na bila ng'ombe, inaitosha. Jeti kubwa haiwezi: injini zake zinaning'inia karibu na ardhi na zinavuta kila kijiwe kama mtoto anayevuta supu. Ukiitua kwenye udongo umeiua.

Hili wanalijua wenzetu. Shirika la AMREF la Nairobi lilianzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya madaktari wanaoruka, na mpaka leo wana aina zote mbili. Mgonjwa akiwa kijijini kwenye uwanja wa udongo wanatuma ndege ya helisi, Caravan au Pilatus. Akihitaji kupelekwa nchi ya mbali wanatumia jeti. Hakuna anayegombana nani ana mbio. Na si lazima twende Kenya: pale Ituri, ndege ndogo za MAF zimekuwa zikitumikia viwanja vya msituni kwa miaka, zikibeba wagonjwa, walimu na chanjo. Hapa kwetu Rutshuru tumezoea kuona ndege ndogo za hifadhi ya Virunga, injini moja tu, zikizunguka juu ya uwanda wa Rwindi. Tembo wana ndege ya helisi ya kuwaangalia. Nadhani ni sawa, tembo pia ni wetu.

Kwa hiyo ninapomsikia mkubwa, awe wa upande huu au wa upande ule, akisema kwamba watu wa Kivu wanastahili jeti na siyo tundege, ninashika mfuko wangu. Maneno hayo ni matamu na hayagharimu kitu. Kuahidi jeti ni kujipa ruhusa ya kutofanya lolote leo, kwa sababu jeti inahitaji kila kitu kiwe tayari: njia yote, taa, mnara, zimamoto, bima, mkataba wa Doha, mkataba wa Washington. Ndege ndogo ya helisi inahitaji mambo matatu. Njia fupi. Mchana wenye mwanga. Na wanaume wenye silaha waliokubaliana kutoipiga. Ni hilo la tatu tu ambalo ni gumu, na ni hilo hilo ambalo hawataki tuliulize, ndiyo maana wanafurahi tukibishana juu ya kilomita kwa saa.

Ninawaomba wanaotupigia simu wabadilishe swali. Kiongozi akija kwenye kipindi chetu, msimuulize jeti itakuja lini. Muulizeni ndege ya kwanza ya dawa, ya aina yoyote, itatua tarehe ngapi, na ni nani ametia sahihi kwamba haitafyatuliwa risasi. Muulizeni kwa nini mtaa mzima wa Rutshuru, wenye uwanda mrefu kama ule wa kuelekea Rwindi, hauna njia moja ya udongo inayotambuliwa na pande zote kwa ajili ya wagonjwa. Muulizeni bei ya tingatinga kwa wiki mbili. Wakandarasi wapo, hata hapa Kiwanja, na wanaijua bei hiyo bila kufungua daftari.

Mji wetu unaitwa Kiwanja. Wageni wengi wakisikia jina wanauliza ndege zinatua upande gani. Tunacheka, tunawaonyesha kituo cha pikipiki.